Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: taa ya cheki injini na msimbo wa sensa ya oksijeni kwenye pikapu

Majibu haya ni kwa wenye pikapu za petroli, na mifano mingi ni ya Toyota Hilux 2.7 yenye injini ya 2TR-FE, kwa kuwa ndiyo ninayoishika karibu kila wiki. Mwenye Nissan Hardbody au pikapu nyingine ya petroli atafaidika vilevile, maana misimbo mingi (namba za kasoro ambazo kompyuta ya gari huhifadhi) ni ileile.

Nimeyaandika kwa uchungu kidogo. Watu wananunua sensa ambazo hawakuzihitaji, tena mara mbili mbili. Sensa ya oksijeni ni shahidi aliyesimamishwa ndani ya ekzosi kueleza anachokiona. Mara nyingi anasema kweli, lakini anayefungwa ni yeye.

## Mambo ya mwanzo

1. Sensa ya oksijeni ni nini hasa?

Ni kifaa chenye umbo linalokaribia la plagi ya injini, kimefungwa kwenye bomba la ekzosi huku ncha yake ikiwa ndani ya moshi. Ndani ya ncha kuna kauri ya zirkonia. Kauri hiyo ikishapata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi na kuendelea, inazalisha umeme mdogo kwa kulinganisha oksijeni iliyomo kwenye moshi na ile ya hewa ya nje.

Mafuta yakizidi (mchanganyiko mzito), oksijeni inayobaki kwenye moshi ni kidogo na sensa inatoa volti 0.8 hadi 0.9. Hewa ikizidi (mchanganyiko mwepesi), volti inashuka hadi 0.1 hivi. Kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, inasoma volti hizo na kuongeza au kupunguza mafuta ili ikae karibu na gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli.

Si teknolojia mpya. Bosch waliitoa mwaka 1976 kwenye magari ya Volvo yaliyokuwa yakiuzwa Marekani.

2. Taa imewaka. Naweza kuendelea na safari?

Ikiwa imetulia na gari linavuta kama kawaida, fika unakokwenda kisha ukapime. Ikiwa inawaka na kuzima haraka haraka, injini inamisi (mafuta hayaungui kwenye baadhi ya silinda) kiasi cha kuharibu masega (katalaiza, kisafishio cha moshi ndani ya ekzosi). Punguza mwendo, tafuta mahali salama, simama. Petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuungulia humo, na masega yakishayeyuka bei yake ni nyingine kabisa.

Lakini hata taa iliyotulia usiizoee. Nimepokea pikapu ambazo taa iliwaka mwaka mzima, mwenyewe analalamika tu kwamba gari "linakunywa".

3. Pikapu yangu ina sensa ngapi, na ziko wapi?

Injini ya silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja, kama 2TR-FE, ina benki moja tu. Kwa kawaida utakuta sensa mbili: ya mbele kabla ya masega (sensa 1) na ya nyuma baada ya masega (sensa 2). Ya mbele ndiyo inayoongoza mafuta. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega bado yanafanya kazi.

Injini ya V6, kama 1GR-FE ya lita 4.0, ina benki mbili, hivyo sensa zinaweza kufika nne. Benki 1 ni upande wenye silinda namba 1. Usikisie; watu wamefungua sensa nzima ya upande usiohusika.

Jambo moja la kwetu: baadhi ya pikapu zilitengenezwa kwa masoko yasiyo na sheria kali za moshi, nazo zina sensa moja tu au hazina kabisa. Ingia chini ya gari uhesabu kwa macho kabla hujaagiza chochote.

4. Pikapu yangu ni ya dizeli. Haya yananihusu?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Hilux nyingi za dizeli zilizoko huku hazina sensa hii. Dizeli za viwango vipya vya moshi zinaweza kuwa nayo, lakini injini ya dizeli hufanya kazi na hewa nyingi kupita kiasi muda wote, kwa hiyo namna ya kuisoma ni tofauti na ninavyoeleza hapa.

## Kusoma msimbo

5. Misimbo ya sensa ya oksijeni inasemaje?

Kwa sensa ya mbele ya benki 1:

- P0130: mzunguko wa umeme wa sensa una kasoro
- P0131: volti iko chini
- P0132: volti iko juu
- P0133: sensa inajibu polepole
- P0134: sensa haionyeshi kufanya kazi
- P0135: hita ya sensa ina kasoro

P0136 hadi P0141 ni orodha hiyohiyo kwa sensa ya nyuma. Benki 2 inatumia P0150 hadi P0155 kwa ya mbele na P0156 hadi P0161 kwa ya nyuma. Kwa hiyo Hilux ya silinda nne ikikuletea P0155, uliza mashine ya kusomea misimbo imechaguliwa gari gani.

Kwenye Toyota utakutana pia na P0031 na P0032 (hita ya mbele), P0037 na P0038 (hita ya nyuma), na P2195 na P2196, ambazo nimezieleza kwenye swali la 12. Halafu kuna majirani wanaotembea nazo: P0171 (mchanganyiko mwepesi), P0172 (mchanganyiko mzito) na P0420 (masega yamechoka, au yametolewa).

6. Mashine imesema P0131. Kwa nini nisinunue sensa tu, nikaifunga, tukamaliza?

Kwa sababu P0131 inasema "volti iko chini", na volti ya chini ndiyo jibu sahihi la sensa nzima inapoona hewa nyingi. Swali lako linatakiwa kuwa: hiyo hewa imetoka wapi?

Nikupe mfano. Ililetwa kwangu Hilux 2.7 kutoka Kibaha ina P0131 na P0171. Mwenyewe alikuwa ameshanunua sensa mbili, ya pili akiamini ya kwanza ilikuwa feki. Nilimwomba aliache gari lilale. Asubuhi nikaliwasha likiwa baridi, boneti juu, sikio karibu na manifodi ya ekzosi. Likawa linatoa sauti ndogo, tsi-tsi-tsi, kama cherehani ya mbali. Baada ya dakika nne au tano sauti ikapotea. Chuma kilipopata moto kilitanuka na kuziba mwanya, ndiyo maana kila fundi aliyelipima gari likiwa limetoka barabarani hakusikia kitu.

Nilipomulika tochi kwenye maungio ya manifodi nikaona mstari wa masizi mweusi, upana wa kidole, umetoka kwenye gasketi kuelekea nyuma. Bolti moja haikuwepo kabisa. Moshi hautoki kwa mfululizo, unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo bomba linanyonya. Hewa ya nje ilikuwa ikiingia hapo na kupita moja kwa moja kwenye ncha ya sensa. Sensa ikaripoti hewa, kompyuta ikaongeza mafuta, gari likaanza kunywa.

Tulibadilisha gasketi na kuweka bolti. Kisha nikamrudishia sensa yake ya kwanza kabisa, ile iliyotoka na gari, aliyokuwa ameitupa kwenye droo ya dashibodi. Mpaka leo ndiyo inayofanya kazi.

7. Nina kimashine kidogo cha bluetooth cha kuchomeka kwenye gari. Kinatosha?

Kwa kazi hii kinatosha sana, mradi usikitumie kufuta misimbo tu. Kabla hujafuta chochote, andika mambo mawili.

La kwanza ni kumbukumbu ya tukio: hali ya injini wakati taa ilipowaka, yaani joto la maji, mizunguko ya injini, mwendo wa gari. Msimbo uliotokea injini ikiwa baridi na gari limesimama unaelekeza kwingine kabisa kuliko uliotokea ukiwa kilomita 100 kwa saa. Ukifuta msimbo, kumbukumbu hii inafutika nayo.

La pili ni marekebisho ya mafuta. Kwenye skrini utaona STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu), kwa asilimia. Alama ya kujumlisha maana yake kompyuta inaongeza mafuta, ya kutoa inapunguza. Zijumlishe pamoja, zikiwa ndani ya 10 juu au chini, sina wasiwasi. Zikifika 20 na zaidi, mchanganyiko una tatizo la kweli, au sensa inadanganywa kama kwenye swali la 6.

Sasa linganisha gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) na likiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Namba ikiwa kubwa sailensa na kushuka ukikanyaga mafuta, tafuta hewa inayoingilia kwenye mipira ya vakyumu au gasketi ya manifodi ya kuingizia hewa. Ikiwa inapanda kadiri unavyokanyaga, shuku mafuta hayafiki: pampu, chujio, nozeli. Kipimo hiki kimoja kimeniokolea siku nyingi za kazi.

8. Nina Hilux ya zamani na mashine haiisomi. Nifanyeje?

Toyota nyingi za miaka hiyo zinatoa misimbo kwa kupepesa taa ya cheki injini. Kwenye soketi iliyo ndani ya boneti unaunganisha TE1 na E1. Kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani unaunganisha pini ya 13 na ya 4. Washa swichi bila kuwasha injini, hesabu mipepeso. Namba 21 ni sensa kuu ya oksijeni, 25 ni mchanganyiko mwepesi, 26 ni mzito, 27 ni sensa ya nyuma.

Hesabu pini mara mbili kabla ya kuweka waya. Pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote, na ukiigusisha na ya 4 utaunguza fyuzi kama una bahati.

## Kupima

9. Nianzie wapi?

Anza na macho na masikio, kabla ya multimita. Liwashe gari likiwa limelala usiku kucha, usikilize ekzosi. Angalia masizi kwenye kila ungio lililo kabla ya sensa. Fuata waya wa sensa tangu kwenye ncha hadi kwenye soketi: umegusa ekzosi ukayeyuka? Panya ameutafuna? Panya wanapenda sana boneti ya pikapu inayolala shambani.

Kisha kagua mipira ya vakyumu, ea klina, na lile bomba la mpira linalotoka kwenye ea klina kwenda kwenye injini. Likunje kwa mikono. Nyufa hujificha kwenye mikunjo ya chini. Ufa wowote baada ya sensa ya hewa (ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini) unaingiza hewa ambayo kompyuta haikuihesabu.

Ukimaliza hayo bila kuona kitu, ndipo uende swali la 10 kama msimbo ni wa hita, la 11 kama ni wa volti.

10. Msimbo ni wa hita (P0135, P0141, P0031, P0037). Huu nao ni wa kushuku kila kitu?

Huu ndio msimbo ambao mara nyingi sensa yenyewe ndiyo yenye kosa, na ndio rahisi kuupima. Sensa ya waya nne ina waya mbili za hita zenye rangi moja. Chomoa soketi gari likiwa limepoa, weka multimita kwenye omu, pima kati ya hizo mbili upande wa sensa. Sensa ya kawaida ya Toyota husoma takriban omu 11 hadi 16. Aina ya uwiano wa hewa na mafuta (swali la 12) husoma takriban omu 1.8 hadi 3.4. Ikisoma mkatiko, hita imekatika, na hapo nunua sensa kwa moyo mweupe.

Omu zikiwa sawa, washa swichi na pima upande wa gari: waya mmoja unatakiwa kuwa na volti 12 za betri. Hakuna? Kagua fyuzi na rilei. Volti zipo? Kompyuta ndiyo inayokamilisha upande wa ethi (waya wa kurudishia umeme), kwa hiyo fuata waya huo wa pili hadi kwenye kontroli boksi kabla ya kuilaumu.

11. Nitajuaje sensa ya kawaida bado ni nzima?

Ipashe injini moto vizuri, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika mbili. Tumia multimita ya dijitali, kamwe usitumie taa ya majaribio, kwani inavuta umeme ambao sensa haina. Ingiza pini nyembamba nyuma ya soketi kwenye waya wa ishara bila kuchomoa. Kwa sensa za Denso, waya wa ishara upande wa sensa ni bluu, ethi nyeupe, hita nyeusi mbili. Kwa NTK na Bosch, ishara ni nyeusi, ethi kijivu, hita nyeupe mbili. Rangi za upande wa gari ni habari nyingine, usizifuate.

Sensa nzima ya mbele inacheza kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia, mara nane au zaidi ndani ya sekunde 10. Ikicheza kivivu, hiyo ndiyo P0133.

Kama imeganda chini, usiihukumu bado. Ongeza mafuta kwa mkono: puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, mbali na cheche na ekzosi ya moto. Volti ikiruka hadi 0.8, sensa ni nzima na ilikuwa inasema kweli. Kama imeganda juu, chomoa mpira mmoja wa vakyumu. Ikishuka haraka, nayo ni nzima. Isiyotikisika kwa lolote kati ya haya mawili, huku waya zake zikiwa salama, imekufa.

Ya nyuma inapaswa kutulia, mara nyingi kati ya 0.6 na 0.8. Watu hunipigia simu kwamba "ya nyuma haichezi". Isipocheza ni dalili njema. Ikicheza sawasawa na ya mbele, masega ndiyo yaliyochoka.

12. Sensa yangu ya mbele inasoma volti 3.3 na haichezi. Imekufa?

Hapana. Hiyo ni sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo Toyota waliiweka mbele kwenye matoleo mengi. Inasomeka kinyume na ya kawaida: 3.3 ni mchanganyiko sawa, ikipanda hewa imezidi, ikishuka mafuta yamezidi. Mashine za bei ndogo wakati mwingine zinaigawanya kwa tano na kukuonyesha 0.66.

P2195 inakuja ikikwama juu, zaidi ya 3.8, P2196 ikikwama chini ya 2.8. Usiipime kwa multimita kwenye waya, pima kwa mashine. Mashine ya Toyota ina jaribio la kuongeza mafuta kwa asilimia 25 na kuyapunguza kwa 12.5: ukiongeza, ya mbele ishuke na ya nyuma ipande, ukipunguza, iwe kinyume. Ya nyuma ikifuata na ya mbele ikabaki palepale, umempata.

Na usibadilishane sensa hizi. Zinaingia kwenye uzi uleule, zinaweza hata kuwa na waya nne zote, lakini si kitu kimoja.

13. Sina msimbo wa sensa, nina P0171 au P0172 peke yake.

Soma swali la 7 kisha la 9. Kwa P0171 nitaongeza sensa ya hewa iliyochafuka, hasa kwa magari ya barabara za vumbi na yanayotumia ea klina za kuoshwa na kupakwa mafuta. Sailensa, injini ya lita 2.7 iliyopata moto hupitisha karibu gramu 3 za hewa kwa sekunde. Isafishe kwa dawa yake maalumu. Usiiguse kwa kitambaa wala kidole.

Kwa P0172: nozeli zinazovuja, presha ya mafuta iliyozidi, ea klina iliyoziba, au mafuta ya injini yaliyojaa petroli. Nusa kijiti cha oili.

14. Mafuta mabaya yanaweza kuwasha msimbo huu?

Ndiyo. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haiungui ipasavyo, inaacha masizi kwenye plagi na kwenye ncha ya sensa. Nchini Tanzania, EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya kupambana na uchakachuaji huo. Kama taa iliwaka kilomita chache baada ya kujaza tangi mahali usipopazoea, liambie hilo fundi mapema. Watu hulisema mwishoni, tukiwa tumeshafungua nusu ya gari.

Zamani adui mkubwa alikuwa risasi iliyokuwa ikiongezwa kwenye petroli, ambayo inaua sensa na masega moja kwa moja. Nchi zetu ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006.

## Kubadilisha

15. Sensa imegoma kufunguka.

Pulizia dawa ya kulegeza kutu jioni, fungua kesho yake injini ikiwa vuguvugu, si ya moto wala baridi kabisa. Spana ni 22. Soketi yenye mwanya wa kupitishia waya ni bora kuliko ya mdomo wazi. Ikisogea kidogo, rudisha, sogeza tena. Ukiilazimisha itatoka na uzi. Uzi ni M18 kwa 1.5, na tapu yake (chombo cha kukatia uzi upya) inapatikana.

Mpya kaza takriban Nm 40 tu. Kwa kawaida inakuja na grisi yake kwenye uzi. Usiiongezee, na isiguse ncha.

16. Ninunue mpya, ya mtumba, au ile ya kuunganisha waya?

Mtumba wa sensa siushauri. Ukienda Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi utaonyeshwa sensa nzuri kwa macho, lakini sensa hizi zenye hita huishi kama kilomita 160,000, na hujui hiyo imeshatembea ngapi. Mpya iwe ya kiwanda kilekile kilichoitengeneza ya kwanza. Kwenye Toyota mara nyingi ni Denso. Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma cha sensa ya zamani, si maandishi ya boksi.

Ya kuunganisha waya inafanya kazi ukiifunga vizuri. Bana kwa vifungo vyake, usichomelee kwa risasi wala kujaza grisi: sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya nyuzi za waya wenyewe. Ukiziba, sensa inakosa hewa na kuanza kusema uongo.

17. Naweza kuisafisha?

Masizi, ndiyo, ingawa injini ikirekebishwa moshi wa moto utayachoma wenyewe. Sumu ya silikoni, maji ya rejeta au oili haiondoki, hata mtu akiichoma kwa gesi au kuilaza kwenye petroli usiku kucha. Kuichoma kwa moto wa gesi kunaweza kuipasua kauri.

Lakini isome kabla ya kuitupa. Masizi makavu meusi: mafuta yamezidi. Ukoko mweupe kama unga: silikoni, au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kahawia na majivu: injini inakula oili. Ukifunga mpya bila kutibu kilichoua ya zamani, hiyo mpya nayo itakufa.

18. Nimerekebisha. Taa itazima lini?

Bila kuifuta, huzima baada ya safari tatu mfululizo ambazo jaribio limefaulu, na msimbo wenyewe hutoka kwenye kumbukumbu baada ya injini kupata moto na kupoa mara 40. Ukifuta kwa mashine inazima palepale. Kuchomoa betri kunazima pia, ila kunafuta na mambo mengine ambayo kompyuta ilijifunza, na gari linaweza kutetemeka sailensa kwa siku kadhaa.

Ikirudi ndani ya dakika chache, tatizo ni la umeme: waya, soketi, hita. Ikirudi baada ya siku mbili tatu, rudi kwenye mchanganyiko, swali la 9.

## Hali zisizo za kila siku

19. Masega yalishatolewa. Je, ndiyo maana taa inawaka?

Kama msimbo ni P0420, ndiyo, na hakuna sensa itakayouzima kwa haki. Mafundi wengine huweka kipande cha bomba ili sensa ya nyuma ikae mbali na moshi. Taa inazima, moshi mchafu unabaki, na siku sensa hiyo ikiwa na la kusema la kweli hutalisikia. Rudisha masega. Kama msimbo ni wa sensa ya mbele, kutolewa kwa masega si sababu, isipokuwa waliochomelea waliacha tundu karibu nayo. Nimeyaona matundu hayo mengi.

20. Nimefunga mfumo wa gesi asilia na sasa napata P0171 au P0172.

Gesi asilia inahitaji hewa zaidi, kama gramu 17 kwa gramu 1 ya gesi, lakini sensa inapima oksijeni iliyobaki, kwa hiyo inafanya kazi kwenye gesi kama kwenye petroli. Shida kawaida ni urekebishaji wa mfumo wa gesi. Kompyuta ya petroli inajifunza makosa ya gesi, kisha ukirudi petroli inaendelea nayo.

Endesha kwa petroli tupu siku mbili, soma STFT na LTFT. Zikirudi ndani ya 10, mpelekee aliyekufungia gesi namba zako. Zisiporudi, tatizo lilikuwepo tangu zamani.

21. Nilitengenezewa injini, sensa ikafa ndani ya mwezi.

Uliza ilitumika silikoni gani. Ile inayonuka kama siki ikikauka hutoa mvuke unaoingia kwenye injini na kutoka na moshi, ukaipaka ncha ya sensa. Inatakiwa iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa, na ipakwe kidogo. Kama gasketi ya silinda hedi ndiyo iliyokuwa imeungua, maji ya rejeta yaliyopita kwenye ekzosi yanatosha kuiua.

22. Taa inawaka msimu wa mvua tu, au baada ya kuvuka maji.

Kauri ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupasuka, na ikipasuka msimbo hauondoki hata jua liwake. Lakini ikija na kuondoka na mvua, karibu kila mara ni soketi. Ichomoe, tafuta kijani cha kutu kwenye pini, safisha kwa dawa ya kusafishia umeme, kausha. Angalia raba ndogo ya kuzuia maji kama bado ipo. Huwa inadondoka watu wanapofungua haraka. Kisha ufunge waya juu, mbali na propela shafti na mbali na bomba, kwa kishikizo cha chuma kilichokuja na gari. Kamba ya plastiki karibu na ekzosi itayeyuka, na waya utashuka tena kwenye matope.